Saini Niliyoifuata Gare

Barua ya kuachishwa kazi ilinifikia mwanzoni mwa mwezi, pamoja na karatasi ya ombi. Kampuni iliahidi kwamba sisi tuliopunguzwa tungeendelea kwa muda kupata unga wa mahindi na kitabu cha hospitali kwa familia, mradi mkuu wa kazi asaini ile karatasi. Nilikuwa na majuma mawili ya kumalizia katika karakana ya umeme. Karatasi nikaibeba mfukoni siku nyingi bila kumpa mkuu wangu, ambaye sote tulimwita chef, kana kwamba asiposaini nitakuwa sijafukuzwa.

Halafu wakamfukuza yeye. Mwaka ule watu wenye asili ya jimbo la Kasai walikuwa wanaondolewa mji wetu wa Likasi, kazini na majumbani. Mkuu wangu alizaliwa papa hapa mjini, lakini baba yake alitoka kule, na hiyo ilitosha. Walipokuja kumtoa karakanani nilikuwa nafunga mota ya pampu. Niliendelea kufunga.

Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane. Mtoto wetu wa kwanza alitolewa kwa kupasuliwa, na daktari alikuwa amemwonya asijaribu kuzalia nyumbani. Bila kile kitabu, hospitali isingempokea.

Karani wa ofisi, mama wa makamo, aliisukuma karatasi yangu kwa kidole.

"Chef yako hajasaini."

"Walimufukuza, mama. Iko ku gare."

Akashusha sauti. "Miye najua. Lakini bila saini sitapokea. Kesho saa sita tunafunga liste ya majina."

Gare, kituo cha treni, ndiko walikokuwa wote, maelfu, chini ya mashuka na vipande vya bati, wakingoja treni. Mtu wa huku akienda kuwasalimu aliitwa msaliti, na wengine walipigwa. Mimi sikuwa nimekwenda.

Kabla ya kufika, wanaume wenye fimbo walikuwa wamefunga barabara.

"Weye, unaenda wapi?"

"Gare. Kuna muntu anisainie karatasi."

"Weye iko wa kule?"

"Hapana. Miye muntu wa hapa."

"Sema luga ya kwenu, tusikie."

Nikawasalimia kwa Kisanga, lugha ya kwetu. Mmoja alicheka. Mwingine hakucheka. "Pita," alisema. "Ukikawia, tutajua wale beko ndugu zako."

Nilimkuta mkuu wangu karibu na ghala la mizigo, amekaa juu ya sanduku la cherehani ya mke wake, shati limefungwa vifungo hadi shingoni. Aliponiona alisimama haraka.

"Mama, angalia! Muntu wa kazi amekuja kutuona."

Mke wake akapangusa kigoda kwa kitenge chake, akanikaribisha. Akauliza habari ya mke wangu, kama miguu bado inamvimba. Nilijibu, mkono wangu ukiwa mfukoni juu ya ile karatasi. Sikuwa nimebeba hata chupa ya maji. Huku nyuma dakika zilikuwa zinakwenda, na wale wanaume walikuwa wananihesabia.

Mwishowe niliitoa. Mama yule aligeuza uso.

Mkuu wangu aliisoma yote, mstari kwa mstari, kama alivyosoma michoro ya umeme aliyonifundisha.

"Ni hii umefwata."

"Ndiyo, chef."

"Walinitoa siku gani?"

"Siku ya ine, chef." Ilikuwa Alhamisi.

"Basi naandika tarehe ya siku ya tatu. Siku ya tatu nilikuwa bado chef."

Akasainia juu ya goti, saini yake nzima, hakufupisha hata herufi moja. Nikamwambia nitarudi na chakula.

"Usirudi. Watakuona." Kisha akanitazama machoni. "Ile mota uliyokuwa unafunga. Ilizunguka?"

"Ilizunguka, chef."

"Bien. Muzuri," alisema, akaketi.

Kesho yake karani aliiangalia tarehe muda mrefu. Nyuma yangu watu walisukumana. "Siku ya tatu?" aliuliza. "Ndiyo, mama." Aliniangalia mimi, akaiangalia tena ile saini, akapiga muhuri kwa nguvu hata meza ikatikisika.

Binti yetu alitolewa kwa kisu, na mama yake akapona. Unga tuliupata mara tatu, halafu ukakoma bila maelezo.

Nilirudi gare juma moja baada ya ile saini, na bukari, yaani ugali, na samaki ndani ya sufuria iliyofungwa kwa kitambaa. Treni ilikuwa imekuja. Pale pa sanduku la cherehani palikuwa na familia nyingine, na hawakumjua chef. Niliwaachia sufuria. Miaka mingi nimeuliza wasafiri kama alifika Kasai. Mmoja aliniambia ndiyo, mwingine akaniambia hapana, na wote wawili walikuwa na hakika.