Magari ya Mbio na Watani Zangu wa Zinga

Mimi ni Mnyamwezi wa Bagamoyo, yaani Mnyamwezi asiyepata kuiona Tabora hata kwa ndoto. Babu yangu aliteremka pwani na pembe ya ndovu begani, akaitua, akasilimu, akaoa, na tangu hapo hakuna mtu wa nyumba yetu aliyerudi bara. Kinyamwezi sikijui. Kitu kimoja tu nilikirithi kizima kizima, nacho ni utani wetu na Wazaramo. Kitu hicho ndicho kilichonifunga mikono siku ya mashindano ya magari.

Kwa asiyeujua utani, nitasema hivi: mtani anaweza kumtukana babu yako mbele ya mkweo, nawe ukacheka. Anaweza kukuvua kofia sokoni akaondoka nayo. Anayekasirika ndiye aliyeshindwa, na ataimbwa mwezi mzima. Hata msibani mtani ana kazi yake. Baba yangu alipofariki, mimi nikiwa nimeshaoa, jeneza lilipotoka mlangoni bibi mmoja Mzaramo wa Zinga alijilaza chini mbele ya wachukuzi. Akasema hapiti mtu hapo mpaka apewe tambuu yake ya kutafuna, kwa sababu marehemu alikuwa mtumwa wake na ameondoka bila kuaga. Watu waliokuwa wakilia walicheka na machozi yakiwatiririka. Mama akampa tambuu, akainuka, jeneza likapita. Nilimpenda bibi yule tangu siku hiyo.

Alikuwa akiuza vitumbua kando ya barabara ya Dar es Salaam, pale pale Zinga. Mimi nilikuwa tarishi wa boma, kazi yangu kupeleka barua za serikali kwa majumbe kwa baiskeli, na tarbushi nyekundu kichwani. Sikuwahi kupita kwake bila kusimama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mpagazi. Mzigo umeutua wapi leo?"

"Nimeutua kwenu, maana nimekuta ukoo mzima umekwenda ngomani, hakuna wa kunipokea."

Atacheka mpaka ashike mbavu, kisha atanipa kitumbua kilichoungua. Kizuri, alisema, ni cha watu.

Sasa niseme kosa langu, maana nikilificha habari hii haitaeleweka. Miezi michache kabla ya mashindano nilimfanyia utani uliopita kiasi. Nilisimama mbele ya kibanda chake, nikanyoosha tarbushi, nikakunjua karatasi ya boma iliyohusu mambo ya pamba, nikajifanya nasoma: serikali inataka kila bibi aliyebakiwa na jino moja afike bomani kuhesabiwa. Niliapa wallahi. Uso wangu ulikuwa mkavu kama wa kadhi. Kesho yake bibi wa watu alitoka Zinga alfajiri kwa miguu, akafika Bagamoyo jua limekwisha kuwa kali, akamwendea karani na kumwambia, "Nimekuja kuhesabiwa jino." Boma zima liliangua kicheko, na mimi nikiwa nyuma ya mlango nimeziba mdomo. Alipotambua, hakukasirika, maana mtani hakasiriki. Alininyooshea kidole tu. "Malipo ni hapa hapa duniani, mpagazi."

Basi ikaja masika, na katika masika hiyo wakaja wazungu na Wahindi matajiri wa Dar es Salaam waliotaka kushindana magari, kutoka mjini kwao hadi Bagamoyo na kurudi. Kwa nini masika, barabara ikiwa uji mtupu, sijui mpaka leo. Wenyewe walisema hapo ndipo panapopimwa udereva. Bwana shauri, mzungu mkubwa wa boma, akatugawa, kila mtu na mahali pake pa kuzuia watu. Mimi nikaambiwa Zinga, pale barabara inaposhuka kidogo halafu ikapinda ghafla kwenye mikorosho.

Nilimwambia, "Bwana, nipeleke kwingine. Watu wa Zinga ni watani zangu, hawatanisikia."

Alitaka kujua mtani ni nini. Nikamweleza kadiri nilivyoweza, naye akatikisa kichwa kwa furaha. "Vizuri sana," akasema. "Kama ni marafiki zako watakusikiliza zaidi." Nikajaribu mara ya pili, akatazama saa yake. Nikapewa kamba ya katani, kibendera chekundu cha kuonyesha hatari, na askari mmoja mgeni aliyekuwa na homa.

Siku tatu kabla nilizunguka na jumbe, mbiu ikapigwa, nikawatangazia watu wasikanyage barabara siku ya magari. Niliwaambia magari hayo hayaendi kama lori la Mhindi la nazi, yanakwenda kwa kasi ya kuua. Mzee mmoja akauliza kwa sauti ya upole, "Njia hii babu yako aliipita na pembe begani, hakuna aliyemkataza. Leo wewe unatukataza sisi wenye nchi?" Wakacheka wote, jumbe naye akacheka. Mimi pia nilicheka, na hilo ndilo linaloniuma. Ulimi wa kuwaambia ukweli sikuwa nao.

Siku yenyewe mvua ilikuwa imekatika alfajiri. Kufika saa mbili ya asubuhi Zinga yote ilikuwa barabarani, na Kiromo, na watu wa mashambani niliokuwa siwajui. Walikuja na ngoma, watoto migongoni, mihogo ya kuchoma. Kamba niliifunga kutoka mkorosho hadi mkorosho. Nilipogeuka, kipande kilikuwa kimekwisha katwa na mbuzi wa mtu amefungwa nacho. Nikauliza nani kakata. Wakajibu kwa pamoja, "Mnyamwezi!" Askari wangu alikuwa amekaa chini ya mti, anatetemeka chini ya koti.

Gari la kwanza likaja. Kwa bahati mbaya lilikuwa limeharibika kidogo, likapita polepole linakohoa, dereva kajaa matope mpaka kope. Watu walivunjika moyo. "Ndiyo hili la kuua?" wakaniuliza. "Hili hata kuku halimwezi." Tangu hapo maneno yangu hayakuwa na thamani ya kitumbua kilichoungua.

La pili lilipita kama lilivyotakiwa kupita. Upepo wake ulitupiga usoni, matope yakaruka, na mimi nikadhani sasa wataogopa. Walishangilia. Vijana wakaanzisha mchezo: gari likija, unanyoosha mkono uliguse ubavuni, na aliyegusa anaonyesha tope kiganjani. Wengine wakawa wanakatiza mbele yake, anayechelewa zaidi ndiye mwanamume. Nilikimbia huku na huku nikiwavuta kwa mashati. Nikimtoa huyu, wawili wanaingia nyuma yangu. Nilipiga kelele, nikabembeleza, nikawatisha kwa jela. Kila nililosema lilirudiwa na kundi zima kwa sauti yangu, pamoja na kikohozi changu. Sikuwahi kujiona si kitu kama saa ile. Nilikuwa mtu mzima, mwenye mke na watoto wawili na tarbushi ya serikali, na sikuweza kumtoa barabarani hata mtoto wa kunyonya.

Ndipo bibi akatoka kwenye kibanda chake. Alikuja akitembea kwa madaha katikati ya barabara, kanga kajifunga kiunoni, na watu wakampisha wakijua lipo jambo. Alipofika pale barabara inapopinda akajilaza chali kwenye matope, mikono kifuani.

"Mimi maiti," akasema. "Sizikwi mpaka mpagazi anipe tambuu yangu. Alinitembeza mpaka Bagamoyo kwa jino moja."

Zinga ilicheka kicheko ambacho sijapata kukisikia tena. Hata mimi nilijua ni utani mzuri, na siku nyingine yoyote ningeanguka chini kwa kucheka. Lakini nilikwisha kusikia ngurumo kwa mbali, upande wa mto Mpiji, gari lingine linakuja kutoka Dar es Salaam.

Nikapiga magoti. "Bibi, inuka. Leo si utani. Wallahi, inuka."

"Wallahi ya jino au nyingine?"

"Bibi, nakuomba kwa Mungu."

"Tambuu."

Nilijipapasa mifukoni. Sikuwa na tambuu, sikuwa hata na ugoro. Ningeweza kumbeba, ndiyo, watu wameniuliza hivyo miaka yote. Nilimshika mabegani nimwinue, na watani wanne wakanirukia wakanivuta nyuma, wakilia kilio cha msibani, "Muache marehemu! Muache marehemu!" Ndiyo desturi. Ukitaka kumwondoa mtani bila kumlipa wenzake wanakuzuia. Nilirusha ngumi, ikampata mmoja mdomoni, naye akacheka na damu menoni kwa sababu mtani hakasiriki. Nilikuwa nalia. Nalisema bila haya, nilikuwa nalia machozi, nao wakasifu jinsi ninavyojua kulia.

Hapo nikafanya jambo ambalo mpaka leo nalirudia kichwani. Nilivua tarbushi yangu, nikamtupia. "Chukua hii! Hii ndiyo tambuu yako! Umelipwa, inuka!"

Akainuka. Desturi ni desturi, amelipwa, akainuka. Nilipumua. Nilidhani imekwisha. Lakini badala ya kwenda pembeni aliivaa tarbushi kichwani, akaokota kibendera changu kilichonianguka nilipokuwa nikivutwa, akasimama wima katikati ya njia kama mimi.

"Sasa mimi ndiye tarishi!" akasema. "Nyie Wazaramo, tokeni barabarani! Serikali haitaki!"

Na wallahi walitoka. Kwa nini wasitoke, mchezo umekuwa mtamu zaidi. Wote walikimbilia pembeni wakipiga saluti, kila mtu, barabara ikawa tupu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akabaki yeye peke yake anapunga bendera nyekundu. Wale wanne walikuwa bado wamenishika. Nilipiga kelele, "Bibi, toka!" na umati ukaitikia, "Bibi, toka!"

Gari lilitokea kwenye mteremko. Dereva aliiona bendera ya hatari na akakanyaga breki, kama alivyofundishwa, kwenye tope lile. Kama asingeiona bendera labda angemkwepa, nafasi ilikuwepo. Gari liligeuka ubavu, likaja linateleza bila sauti. Bibi alikuwa bado anacheka na sisi. Lilimpiga kwenye miguu, likaenda likajichomeka kwenye mkorosho.

Ilichukua muda mpaka watu wakaacha kucheka. Walionishika walikuwa nyuma yangu na mikono yao ilinilegea mmoja mmoja. Dereva, kijana wa kizungu, alitoka akatapika, kisha akaja kwangu kwa kuwa nilivaa nguo za boma, akaniuliza kwa Kiswahili cha jikoni mbona nimeweka mama mzee kushika bendera. Tulimtia bibi kwenye gari lililofuata, mguu wa kulia ukiwa umefungwa kwa ile kamba ya katani, na mimi nikiwa nimeshika kichwa chake mapajani njia nzima.

Shauri lilisikilizwa bomani baada ya siku chache. Watu wa Zinga walikuja kwa wingi, wamenyamaza, nguo safi kama za Idi. Kila aliyeulizwa alisema kweli: tarishi alituonya, alituonya sana, alilia. "Basi kwa nini hamkusikia?" akauliza bwana shauri. Yule mzee wa upole akasema, "Ni mtani wetu, bwana." Karani akatafsiri, bwana shauri akaandika, na ikaonekana sina hatia. Nilirudishiwa tarbushi. Nilikuwa nataka wanifunge. Wangenifunga, ningejua pa kuweka uzito ule.

Mguu ulikatwa juu ya goti. Nilikwenda hospitali na tambuu nzima, popoo, chokaa, na tumbaku, vimefungwa vizuri kwenye jani, nikasimama mlangoni nikakosa ujasiri. Alikuwa amelala anatazama ukuta. Nikasema shikamoo. Hakuniita mpagazi. Alinitazama, akaitazama na ile tambuu mkononi mwangu, hakuipokea.

"Mjukuu wangu," akasema, neno ambalo hakuwahi kuniita hata siku moja. "Kumbe yale magari yanaua kweli?"

"Yanaua, bibi."

"Mbona hukuniambia?"

Nilimtazama usoni nione kama anatania. Hakuwa anatania.