Mkwaju Usiosogeza Mpira

Mimi naandika polepole. Nilimaliza darasa la saba, sikuendelea, na hata kadi ya gofu, ambayo haina kitu ila tarakimu, nilikuwa naiandika kwa kukandamiza kalamu kama mtu anayechonga mwiko. Wenzangu walichoka kunisubiri. Lakini kuona nilikuwa naona, na kuhesabu nilikuwa nahesabu, na katika hayo mawili sikumwogopa mtu. Kusema mbele ya watu ndiko kulikonishinda.

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Mitumba ilikuwa imejaa sokoni Sumbawanga, na wajenzi wa barabara kutoka nje walikuwa wamepiga kambi pembeni mwa mji. Mimi nilikuwa nawafulia nguo. Kando ya kambi walifyeka nyasi wakatengeneza uwanja wa gofu wa mashimo tisa. Kuzunguka kila shimo walimwaga mchanga uliochanganywa na oili chafu, na kabla ya kusukuma mpira wako unaburuta gunia kufuta nyayo. Wanawake tuliofanya kazi pale tuliruhusiwa kucheza Jumapili baada ya misa, na wengine wa mjini wakajiunga. Msimu wa pili nilikuwa nawashinda karibu wote.

Ndipo wanawake wa ng'ambo ya mpaka, upande wa Zambia, walipoleta ujumbe kwamba wanataka tushindane, timu kwa timu. Kila upande watu watatu, na mikwaju, yaani mapigo ya fimbo, ya wawili walio bora ndiyo itakayohesabiwa. Mwenye mikwaju michache anachukua kombe. Siku yenyewe bendera za nchi mbili zilifungwa kwenye vipande vya bomba, na upepo wa Ufipa ukazichapa tangu asubuhi.

Kapteni wetu alikuwa mfanyabiashara wa mahindi wa mtaa wa Mazwi, mwanamke mwenye sauti ya kusimamisha lori. Alinipanga na kapteni wao, mama wa makamo mwenye kofia ya kufuma. Katika gofu kila mmoja anaandika kadi ya mwenzake, na ukishusha fimbo kwa nia ya kupiga ni mkwaju hata ukikosa mpira; ya kupima tu haihesabiwi.

"Mdogo wangu," kapteni aliniambia, "yule mama ana maneno matamu. Usiandike anachosema. Andika unachoona."

Nilimwamkia yule mama, "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mkono wa baridi hivi? Shika karanga."

Nilimjibu kwa Kifipa, naye akanirudishia kwa Kimambwe, tukaelewana bila shida, maana lugha zetu ni ndugu. Njia nzima alinichekesha. Mpaka shimo la nane nilikuwa nimeshampenda.

Kabla ya shimo la mwisho kapteni wetu alikuja akihema. Wengine wote walikuwa wamemaliza, na kadi zilizobaki ni mbili tu, yangu na ya yule mama. "Timu ziko sawa kabisa," akaninong'oneza. "Ni shimo hili tu."

Nililimaliza kwa mikwaju sita. Yeye mpira wake, baada ya mkwaju wa pili, ulikuwa umeingia kwenye alama ya kwato, maana ng'ombe wa wafugaji waliohamia kutoka Usukumani walikatiza hapo alfajiri. Alijipanga, akavuta fimbo hadi nyuma ya bega, akaishusha kwa nguvu zake zote. Fimbo ikapita juu ya mpira. "Mayo!" akalia. Akapiga tena, mpira ukaruka vizuri, akaendelea mpaka ukaingia shimoni.

"Tano," alisema akiuokota.

"Mama, ni sita."

"Sita imetoka wapi, mwanangu?"

"Ule wa kwenye kwato."

"Aa, ule! Nilikuwa napima tu. Kwani mpira ulisogea?"

"Haukusogea."

"Basi."

"Lakini ulikuwa unaupiga, mama."

Hakukasirika. Alinishika bega. "Nimekuzidi miaka mingi. Andika tano, twende tukanywe chai."

Nikiandika tano, kombe linavuka mpaka. Nikiandika sita, nambishia mama niliyekula karanga zake. Niliacha nafasi ile wazi, nikaipeleka kadi mezani alipokaa msimamizi, padri mzee aliyependa gofu kuliko sisi sote. Timu zote mbili zikatuzunguka.

"Binti, hapa pana nini?" padri aliuliza.

Niliangalia meza. Nilijua nilichokiona.

"Baba, mtu anayepima hamwiti mama yake."

"Unasema nini?"

"Fimbo ilipokosa mpira alilia 'Mayo!' Kwao ni kumwita mama. Mtu akiwa anapima, analia nini? Na viwiko alivikunja vyote viwili; anayepima tu huviacha vimenyooka."

Wa kwanza kucheka alikuwa mchezaji wao. "Baba, hata sisi tulimsikia kutoka huku! Tulidhani nyoka!"

"Kumbe alikuwa anapima mapafu!" kapteni wetu akapaza sauti.

Yule mama alijaribu kukaza uso, akashindwa, akacheka mpaka kofia ikamwangukia machoni. "Andika sita," akasema. "Mtoto huyu ataniua." Akatia sahihi.

Basi tukatoka sare. Ikaamuliwa kombe likae nusu mwaka kwao, nusu mwaka kwetu, wageni waanze. Kapteni wetu alinung'unika jioni nzima.

"Ungepiga tano wewe, tungelibeba lote!"

"Ningepiga tano ningesema tano," nilimjibu, na watu wakageuka kuona ni nani aliyesema.

Nusu mwaka ulipoisha yule mama alilileta kombe mwenyewe, amelifunga kwenye kitenge. Hakutaka hata kupumzika. Alisema anacheza na mimi, na kadi yake niandike mimi. Pale mwanzo wa shimo la kwanza alichomeka ardhini kijiti chake cha kuwekea mpira, akaniangalia.

"Leo nikikosa, nitanyamaza."

"Nyamaza tu, mama," nikamwambia. "Nitaangalia viwiko."