Winga wa Punda Wawili

Mwaka niliohamia Langoni, mtaa wa mjini, nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, na bei yangu ilikuwa punda wawili na mpira mpya wa ngozi. Vijana wa leo wakisikia hucheka, lakini katika miaka ile ya sitini bei kama hiyo ilikuwa haijapata kusikika kisiwani kwetu. Kabla yangu, mchezaji alihama timu kwa sababu ameoa mtaa mwengine au amegombana na nahodha. Mimi nilinunuliwa.

Aliyeninunua alikuwa Bwana mmoja mwenye duka la nguo, mfadhili wa timu ya Langoni. Alikuja kijijini kwetu Matondoni kukagua mashua yake iliyokuwa ikitengenezwa, akanikuta nikicheza ufukweni, winga wa kulia, maji yamekupwa na mchanga umekuwa mgumu kama sakafu. Alisimama hapo mpaka mechi ikaisha, na mashua hakuiangalia tena. Mjomba wangu, fundi wa mashua na msimamizi wa timu yetu, aliomba siku mbili za kufikiri. Jioni ile ile aliniita bandani kwake.

"Punda wetu amekufa, na magogo hayajibebi," alisema. "Na wewe wataka kuuona mji. Basi nenda, mwanangu. Usitutie aibu."

Nilikwenda kifua mbele. Bwana yule alinipa chumba cha chini nyumbani kwake, na mkewe akanilisha kama mgonjwa anayepata nafuu. Kila nilipopita vichochoroni nilisikia, "Huyo ndiye wa punda wawili." Wiki ya kwanza maneno hayo yalininenepesha. Wiki ya tatu nilikuwa nikizunguka njia ya nyuma ili nisiyasikie.

Maana nilicheza vibaya, na si kwa kiasi. Kwanza walinivika viatu vya njumu. Mimi nilikuwa sijapata kucheza na kitu mguuni, na mechi ya kwanza niliupiga mpira wa kona, kiatu kikaenda golini na mpira ukabaki pale pale. Kipa wao alikidaka kile kiatu kwa mikono miwili, kwa adabu, akanirudishia.

Mechi ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Aliyetufundisha alikuwa mwalimu wa shule kutoka bara, mtu mpole, Mkristo, aliyekuwa akitusubiri tumalize kuswali alasiri kabla ya kuanza mazoezi. Kiswahili chake na changu vilijuana kwa mbali. Mimi nikisema "ndia" badala ya "njia", yeye alinitazama mdomo, nami nilimtazama wake. Siku ile nilikuwa mbio pembeni, kwenye mstari, yeye akipiga kelele, "Ingia ndani! Ingia ndani!" Alitaka nikate kuelekea golini. Mimi nilidhani amenichoka. Niliuacha mpira, nikatoka uwanjani, nikaingia ndani ya kile kibanda tulichowekea nguo, nikakaa. Alinifuata baada ya muda.

"Unafanya nini huku?"

"Umeniambia niingie ndani, Mwalimu."

Alikaa karibu nami, akafunika uso kwa mkono. Nilifikiri analia, kumbe anajizuia kucheka.

Mechi ya tatu hakunipanga. Sikumlaumu. Nilikaa kando nikasikia watazamaji nyuma yangu wakijadiliana kama Langoni wangekuwa na faida zaidi wangebaki na wale punda. Mmoja alisema punda angalau huujua mzigo wake.

Asubuhi ya pili nilifunga nguo zangu katika kikoi, nikamwambia mke wa mwenyeji wangu nakwenda kuwasalimu wazee, nikashika njia ya Matondoni. Nilikusudia nisirudi. Nilikuwa nimefika karibu nusu ya safari, katikati ya mashamba ya minazi, nilipomwona punda anakuja mbele yangu. Hana mtu, hana mzigo, kipande cha kamba kinaning'inia shingoni. Alikuwa na kovu jeupe begani, nami nilimtambua mara moja. Ni mmoja wa wale wawili. Mimi nilikuwa nikitoroka mjini kwenda kwetu, yeye alikuwa akitoroka kwetu kwenda mjini.

Tulisimama tukatazamana. Kumwacha apite ilikuwa vigumu, maana alikuwa mali ya kijiji changu, na kama angefika mjini watu wangesema Matondoni wamechukua mpira wakarudisha punda. Nikaishika kamba. Alikaza miguu, nami nikakaza yangu, mpaka nikakumbuka nina kipande cha mkate wa mofa katika kikoi. Akala, akafikiri, akageuka.

Mjomba alituona tukiingia pamoja. Aliweka chini tezo yake ya kuchongea mbao, akakaa juu ya gogo, akacheka hadi machozi yakamtoka. "Mara yake ya nne huyu," alisema alipoweza kusema. "Na wewe?"

"Mimi ya kwanza."

Alinipa maji, akaniuliza kilichonisibu. Nilimweleza habari ya viatu, na ya kibanda, na ya watu wa mjini. Alisikiliza, kisha akauliza jambo ambalo hakuna aliyeniuliza Langoni. "Nani akupaye mpira?"

Nikasema ni fundi cherehani mmoja, hafu wa kulia, mtu mzuri wa mpira, lakini pasi zake zanifikia nimeshapita au sijafika.

"Akupigia mbinja?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwetu, mwana wa mjomba alikuwa akipiga mbinja, ule mluzi wa mdomo, kabla ya kuutoa mpira, nami nilikuwa naanza mbio kwa sauti ile bila kugeuza kichwa. Miaka sita nilicheza hivyo. Sikujua kuwa nilikuwa nikicheza kwa masikio. Nilidhani ni kipaji changu. Mjini hakuna aliyepiga mbinja, nami nilikuwa nikisubiri kitu nisichokijua.

Nililala kwetu siku moja. Asubuhi mjomba alinisindikiza mpaka nje ya kijiji, akaniambia mwanamume hasubiri kuulizwa haja yake, huitaja. Nikarudi.

Fundi cherehani nilimkuta dukani kwake, mdomo umejaa pini. Nilimweleza. Alizitoa pini moja moja, akafungua kinywa kunionyesha. Meno ya mbele hakuwa nayo.

"Mbinja siwezi, ndugu yangu," alisema. "Ila naweza hii." Akabana ulimi shavuni, akatoa ule mlio wa kuswaga punda.

Nilifikiri kukataa. Halafu nikafikiri ile njia ya nyuma niliyokuwa nikipita kukwepa watu, nikakubali. Mwalimu naye alikubali nicheze pekupeku, na kwamba akitaka nikate kuelekea golini ataonyesha kwa mkono.

Mechi iliyofuata tulicheza na Shela. Fundi alipotoa mlio wa kwanza, uwanja mzima uliangua kicheko, na kicheko hakijaisha mimi nilikuwa nimeshampita beki wao na kuupiga mpira katikati, mshambuliaji wetu akaumalizia kwa kichwa. Tulishinda mabao matatu, mawili yakitoka upande wangu. Jumatatu yake Bwana mwenye duka alinikatia kitambaa cha shati, akasema tu, "Hiki hakitoki katika bei."

Nilicheza Langoni miaka mitano. Sikuwa nyota waliyemtarajia, lakini nilikuwa winga mzuri, na yule fundi akawa rafiki yangu wa maisha.

Mwaka wangu wa mwisho walimnunua kijana mwengine, winga kutoka Siyu, kwa bei iliyoizidi yangu. Nilimpokea mwenyewe gatini. Alikuwa ameukumbatia mfuko wake kama mtoto. Kabla hatujafika mtaani nilimuuliza, "Kwenu nani akupaye mpira, na akwita vipi?"

Aliona haya. Kisha akasema anayempa ni kakake, na humwita kwa jina la mama yao, kwa sababu ndilo jina ambalo mabeki hawawezi kulidhania.

Nikampeleka kwa fundi. Tangu siku hiyo, mechi baada ya mechi, mtu mzima na ndevu zake alikuwa akipaza sauti uwanjani kumwita Bi mmoja wa Siyu, na kijana akipaa kama mshale. Alizoea mji kwa wiki mbili.

Siku moja mamake alikuja kumtazama, akaketi na wanawake wenzake nyuma ya ukuta ulioko kando ya uwanja. Hakuna aliyekuwa amemwambia habari ya jina lake. Mechi ikaanza, fundi akaita. Kutoka nyuma ya ukuta tukasikia sauti nzuri ya kike ikijibu, "Labeka." Akaita tena, ikajibu tena. Mara ya tatu Bi yule alisimama, akachungulia juu ya ukuta, akauliza kwa utulivu ni nani huyo amwitaye kila mara na hamtumi kitu. Refa alilazimika kusimamisha mchezo, maana timu zote mbili zilikuwa zimekaa chini zinacheka.