Siku Nilipomuua Mpiga Fidla

Kuna kilio kimoja kilikaliwa nyumbani kwangu Mshindo, hapa Iringa, ambacho mpaka leo mtu akinikumbusha naanza kutafuta chini kifungo cha shati ambacho hakijadondoka, kwa sababu marehemu nilimuua mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, saa kumi jioni, na kusema kweli marehemu huyo hakuwahi kuzaliwa.

Mambo yalianzia mnadani. Mama mmoja wa Kizungu alikuwa anarudi kwao, akauza vyombo vyake, mimi nikanunua kikaango, na ndani ya kikaango mlikuwa na kitabu kisicho na jalada. Siku hizo nilikuwa nimetoka kupata cheti cha shule ya usiku (Kiingereza nilikijua kiasi kwamba hata mbwa wa Wazungu walinipisha njia), basi nikamwambia mke wangu Mwanaidi, kaa nikusomee. Yeye alihitimu Kurani chuoni, lakini Kiingereza hakukijua, kwa hiyo kila jioni nikitoka ghalani kupima mpunga tulikaa uani, yeye na ungo wake wa mchele, mimi nasoma mstari kimoyomoyo halafu namtolea kwa Kiswahili.

Kilikuwa kitabu cha mapenzi, tena si ya wafalme na majini, ni ya watu wa siku hizi hizi wanaopigiana simu na kugombea teksi. Kijana mmoja, Lorima, anapiga fidla, na binti mmoja, Klara, anapiga piano, nao wamepangwa kupiga pamoja ule muziki wa Ulaya ambao watu huvaa makoti meusi na kuusikiliza bila kukohoa. Kila siku wanagombana, huyu anasema unakimbia, yule anasema wewe unaburuta, na katika kugombana huko ndimo mapenzi yanamoingilia. Kilikuwa kitamu, jamani. Kuna asubuhi nilikisoma nimesimama, mguu mmoja ndani ya kiatu na mwingine nje, mpaka nikachelewa kazini.

Shida ilikuwa Lorima. Kadiri tulivyosonga mbele ndivyo Mwanaidi alivyosahau ungo, na mawe niliyoyatafuna kwenye wali mwezi ule yangetosha kujenga boma la pili. Nikirudi, kabla hata ya kunipa pole ya kazi, ananiuliza, "Haya, Lorima leo kaamkaje?"

Siku moja akaniambia, "Lakini umeona, yeye hagusi fidla mpaka anawe mikono," na macho yake yakatua kwenye mikono yangu.

"Mimi nashika magunia, Mwanaidi."

"Kwani nimesema kitu, Bwana Karani?"

Hakusema, lakini usiku ule nilinawa mpaka viwiko. Kisha tukafika pale Klara anapomfumia Lorima skafu ya sufu, na wiki haikuisha nikamkuta mke wangu naye ana uzi wa kahawia na sindano mbili, anafuma.

"Eti shingo ya Lorima ni nene au nyembamba?" akaniuliza.

"Haikuandikwa," nikamjibu. (Iliandikwa. Ilikuwa ndefu na nyembamba, ila nani angemwambia?)

Sasa ikafika siku yenyewe. Lorima yuko ukumbini, watu wamejaa mpaka kwenye dari, anapiga fidla bila kuitazama, anamtazama Klara tu, na ukurasa unaofuata ndio anakwenda kumwambia kwamba siku zote alikuwa akimpigia yeye. Nikainua macho. Mwanaidi amesogea mbele, sindano zimesimama, midomo wazi kidogo, na uso ule, wallahi, sikuwahi kuuona hata siku ya harusi yetu. Kitu kikanichoma hapa chini ya mbavu, nikafikiri kwa muda wa kumeza mate, nikasema, "Hapa panasema, alipokuwa anarudi kwao, gari moshi limeanguka. Lorima amekufa."

"Amekufa?"

"Papo hapo. Na fidla imevunjika." (Hiyo ya fidla haikuwa lazima.)

Nilitegemea atasikitika kidogo, aguse shavu, arudi kwenye mchele. Badala yake alijitupia kanga kichwani akaangua kilio, "Kijana wa watu, hata hakuaga!" Jirani yetu wa upande wa pili wa ua, Bi Zuhura, akakisikia, na kwetu mfiwa haulizwi nani kafa, unalia kwanza, jina utalipata hapo hapo kilioni. Akaingia analia. Mwanaidi kumwona Bi Zuhura na machozi akadhani naye amefiwa na mtu wake, na kwa adabu ile ile hakuuliza, akamwangukia shingoni wakalia mara mbili zaidi. Akaja wa tatu, wa nne, na baada ya nusu saa uani kwangu kulikuwa na wanawake wanaoweza kujaza malori mawili ya mpunga kutoka Rujewa, kila mmoja analilia msiba wa mwenzake.

Na mimi? Mimi nilikimbilia barazani, nikawakuta wanaume wanatandika majamvi.

"Pole sana, Karani."

"Ndugu zangu, jambo lenyewe ni kwamba..."

"Usiseme neno. Tunajua."

Kila nikifungua mdomo napewa mkono wa pole. Kuni zikafika, unga ukafika, sufuria kubwa ya mtaa ikafika. Akaja Mwalimu Kihwele, yule aliyenifundisha shule ya usiku, amevua kofia. Mwisho akaja sheikh, akaketi, akainua mikono, akaniinamia kwa upole. "Tumwombee marehemu. Jina lake na la baba yake?"

Hata uani wakaacha kulia wasikie, kwa maana wote walikuwa wanalisubiri jina hilo.

"Lorima," nikasema.

"Wa nani?"

"Sheikh, baba yake hakutajwa. Ni mpiga fidla. Yumo kitabuni."

Sheikh akaishusha mikono polepole, kama mtu anayeweka chini mtungi uliojaa. Mwanaidi alikuwa amesimama mlangoni, macho mekundu, kitabu mkononi, na kabla sijafika alikuwa amekwisha kumkabidhi Mwalimu. "Hebu tusomee hapo alipoweka unyasi wa alama, Mwalimu. Hapo alipofia."

Mwalimu Kihwele akavaa miwani. Akasoma, akafunua, akasoma tena. "Mbona hapa anapiga fidla?" akasema. "Mzima kabisa. Gari moshi hamna." Kisha akanitazama kama alivyokuwa akinitazama zamani nikikosea hesabu. "Karani, hii tafsiri umefundishwa na nani?"

Bi Zuhura ndiye aliyeanza kucheka, na kicheko kikatoka uani kikashika baraza mpaka sheikh akaficha uso kwa shali. Mwanaidi peke yake hakucheka.

"Umemuua kwa nini?" akaniuliza, mbele ya mtaa mzima.

"Ulikuwa unamfumia skafu," nikasema, na sauti ilinitoka ndogo.

Akaingia ndani, akarudi na ile skafu ya kahawia, akanizungushia shingoni. Ilinienea sawasawa. "Klara alimfumia mpenzi wake," akasema, "nami nikamfumia wangu. Nilikuwa nauliza shingo ya Lorima nijue kama yako imeizidi." Akanyang'anya kitabu mkononi mwa Mwalimu, akaenda nacho.

Chakula cha msiba hakirudishwi, kwa hiyo mtaa ukala ukashiba kwa heshima ya Lorima. Wiki iliyofuata Mwanaidi akajiandikisha kwa Mwalimu Kihwele, darasa la kina mama la mchana, na siku hizi kitabu anakisoma mwenyewe. Nimeapa sitamuua tena mtu yeyote aliyeandikwa, lakini kiapo changu kimechelewa, maana jioni anakaa uani na ungo hajaugusa, mara anatabasamu peke yake, mara anashika kifua, nami nimekaa pembeni na skafu yangu shingoni, nachungulia.

"Wamefika wapi?" namuuliza. "Lorima anasema nini hapo?"

Anafunua ukurasa bila kuinua macho.

"Amekufa," ananijibu.