Tairi Tulizochagua kwa Miguu Mitupu

Ipo siku moja ya masika ambayo huikumbuka kila nikimwona mtu ameinama kando ya gari akikodolea tairi macho. Jana niliikumbuka tena, mwanangu, uliponitumia zile picha kutoka huko kwako Kilimani, tairi za aina nne zimepangwa, na swali moja chini yake: "Mum, gani iko poa kwa gari yangu?" Nilicheka, kisha nikafurahi. Umefanya vizuri kuuliza, maana swali hilo hilo ndilo lililonipa pikapu ya baba yangu, na nusura niikose.

Wakati huo nilikuwa karani katika ofisi moja hapo hapo Kilimani, enzi za nyumba zenye bustani mahali ambapo leo pana magorofa yenu. Kwetu kulikuwa Kinoo, chini bondeni, ambako Baba alilima nduma, yaani magimbi. Njia ya kutoka shambani ilipanda mlima wa udongo mwekundu mpaka ikakutana na lami ya Waiyaki Way. Kila Jumamosi Baba alizipakia nduma kwenye pikapu akampelekea Mama, aliyekuwa na meza yake Kenyatta Market. Wachoma nyama walikuwa wateja wake, na wasusi vilevile. Nakwambia wasusi wa soko lile hawakugusa kichwa cha mtu kabla ya chai na nduma za Mama.

Halafu macho ya Baba yakaanza kufifia. Kwanza alikwaruza nguzo ya lango, akailaumu nguzo. Kisha asubuhi moja akamwamkia mbuzi wa jirani kwa heshima zote, akidhani ni jirani mwenyewe. Tulicheka sana siku ile, naye akacheka, lakini daktari hakucheka. Alimwambia usukani si wake tena.

Baba alikaa na neno hilo moyoni, asimwambie mtu. Jioni moja mezani akatueleza kwamba amepata mtu wa kuinunua pikapu, na kwamba atakuja kuichukua Jumamosi. Mama aliweka kikombe chini. Alijua, nami nilijua, kwamba pikapu ikiondoka meza ya sokoni itakufa, na Baba atabaki kukaa barazani na redio yake, asubuhi hadi jioni, kama mzigo ulioshushwa njiani. Niliogopa kumwona hivyo. Nikajisikia nikisema, "Nitaendesha mimi."

Leseni nilikuwa nayo. Gari la ofisi nilikuwa nimeliendesha mpaka benki na kurudi, basi.

Baba alinigeukia. Nimepewa jina la mama yake, kwa hiyo aliniita maitu, yaani mama, tangu nikiwa mchanga. "Maitu," akasema, "tairi za hiyo gari zimekwisha. Nenda mjini uchague zingine. Nikiona umejua gari inaenda wapi, endesha. Ukichagua ovyo ovyo, huyo mtu aje achukue gari."

Watu husema mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo Baba hakuwa nayo kabisa. Alikuwa mkulima, na jembe alilichagua, akaligonga kwa kidole na kulisikiliza kabla ya kulitia mpini.

Kesho yake nilitoka ofisini mchana nikaenda mjini kwenye duka la tairi la mzee mmoja Msikh aliyeitwa Harjit. Duka lilinuka mpira mpya, harufu ambayo mpaka leo naipenda kuliko manukato mnayoniletea Krismasi. Mzee Harjit alinionyesha tairi za aina tatu. Ya kwanza ilikuwa na mifereji myembamba myembamba. "Hii ya lami. Hata mtoto analala kwa gari," akasema. Ya pili ilikuwa ya matope, yenye meno makubwa yaliyoachana. Ya tatu ilisimama katikati ya hizo mbili. "Hii lami inaenda, mawe inaenda, matope kidogo inaenda."

"Matope kidogo ni kiasi gani?" nikamuuliza.

Akacheka mpaka kilemba kikatikisika. "Gari yako inaenda wapi sanasana, dada?"

"Kila mahali."

"Tairi ya kila mahali hakuna. Uliza mzee wako inaenda wapi, halafu rudi."

Mimi moyo wangu ulikuwa umeshanasa kwenye zile za meno. Zilikuwa zinatisha, na nilijiona juu yake nikipita Kinoo, watu wakiulizana huyo ni nani. Hata hivyo nilikuwa na shauku ya kujua, kwa hiyo nikauliza kila niliyekutana naye. Dereva wa ofisi akasema za lami, bawabu akasema za matope, na karani mwenzangu, asiyekuwa na hata baiskeli, akanipa maelezo marefu kuliko wote. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Niliporudi nyumbani nilimwambia Baba bila kusitasita, "Za matope. Njia yetu ni matope."

"Matope gani?"

"Matope ni matope, Baba."

Mwanangu, babu yako hakuwa mtu wa kufoka, na afadhali angefoka. Alisema tu, "Umeuliza mji mzima. Njia yenyewe umeiuliza?"

Usiku ule mvua ilinyesha. Asubuhi nilimkuta Baba ukumbini amekunja suruali mpaka magotini, hana viatu. "Vua vyako," akaniambia. Tukashuka mpaka chini kabisa, kwenye nduma, akaniwekea mkono begani kwa sababu hakuona vizuri, na tukaanza kupanda ile njia polepole kama watu waliopoteza sindano.

Pale chini udongo ni mweusi. Ulinimeza mguu mpaka kwenye muundi, na nilipouchomoa, vidole vyote vilikuwa vimegandana kwa tope, sioni kidole wala kucha. "Hapa ndipo gari hukwama kila mwaka," Baba akasema.

Nikatazama huku na huku. Kutoka pale mpaka kwenye udongo mgumu hapakuwa mbali, hata mtoto angerusha jiwe likafika. "Baba, kwani gari hushuka mpaka hapa kufanya nini?"

"Si nduma ziko hapa?"

"Na toroli?"

Akasimama. Nilidhani nimemkosea heshima. "Mtu wa gari hasukumi toroli, maitu," akasema, kisha akasikiliza maneno yake mwenyewe, na taratibu akaanza kucheka. "Ni kiburi tu hicho. Miaka yote hiyo nimevutwa na matrekta ya watu kwa sababu ya kiburi."

Tukaendelea. Udongo mwekundu uliteleza juu, lakini chini yake palikuwa pagumu, na ukikaza vidole ulishika. Hapo sikuhitaji meno ya kutisha. Tulipofika kwenye kona, ambapo majirani walikuwa wamemwaga mawe ya kujengea ili kuziba mashimo, nikapiga kelele.

"Umeumia wapi?" Baba akauliza upesi.

"Mguuni."

"Mguuni wapi? Chini ya wayo?"

Nikainama kutazama. "La. Ubavuni."

"Ubavuni!" akasema, na uso wake ukachangamka kama wa mtu aliyeletewa habari ya mtoto kuzaliwa. Tairi zake zilikuwa zikipasuka ubavuni mwaka baada ya mwaka, naye akiwalaumu wauza tairi, akimlaumu hata shetani. Akainama, akapapasa mawe yale moja moja kwa vidole. Alikuwa na shauku kuliko mimi. "Unajua sijaitembea njia hii kwa miguu tangu ninunue gari? Nilikuwa naiona kwa kioo tu." Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, mwanangu, na babu yako alikuwa amelala kando ya kitanda chake mwenyewe.

Juu kabisa tukakanyaga lami. Ilikuwa imelowa, na nyayo zetu zilikuwa zimejaa tope. Hatua ya kwanza tu nikateleza, Baba akaning'ang'ania, na kidogo tukae chini wote wawili mbele ya watu waliokuwa wakingoja gari stejini. Mama mmoja akasema, "Woi, mzee anacheza na msichana wake!" Tukacheka. Hapo hapo lori likapita karibu nasi kwa kasi, honi imekazwa, na upepo wake ukatusukuma kando. Baba akaacha kucheka.

"Kukwama kule chini ni aibu," akasema. "Kuteleza hapa ni mauti."

Nilisimama pale na miguu yangu michafu nikaitazama Waiyaki Way, lami tupu mpaka mjini na mpaka sokoni kwa Mama. Zile tairi za meno makubwa nilizozipenda hugusa lami kwa vipande vipande tu. Siku ya mvua, ukiwa na nduma nyuma na breki chini ya mguu, ungetaka mpira zaidi uishike barabara. Na za lami nazo, tope lile lingeijaza mifereji yake myembamba kama lilivyonigandisha vidole. Nikamwambia Baba: tuchukue zile za katikati, zenye ubavu mnene na zinazobeba mzigo, na kule chini toroli. Alipangusa miguu kwenye nyasi, nami nikarudi nyumbani sijui nimefaulu au la.

Ijumaa jirani alituendeshea pikapu mpaka kwa Mzee Harjit. Nilieleza safari ya lile gari toka bondeni mpaka sokoni, wale wazee wawili wakinisikiliza. Mzee Harjit akatoa zile za katikati. Baba akaingiza vidole kwenye mifereji kimoja kimoja, akazibonyeza mbavu kwa kiganja, akasema zifungwe. Funguo akazirudisha mfukoni mwake.

Jumamosi mvua ilikuwa inanyesha. Nilisukuma toroli mimi mwenyewe mpaka mgongo ukalia, nikapakia, Baba akanipa funguo za kufika sokoni tu, nikashika usukani, naye kando yangu. Pikapu ilipanda udongo mwekundu, ikapita polepole kwenye mawe ya kona, ikafika juu. Pale stejini alikuwa amesimama yule mnunuzi na mwavuli wake. Nikapunguza mwendo. Baba aliteremsha kioo, akamsalimu vizuri, akamwambia, "Ngoja kidogo. Tufike sokoni kwanza." Nikaingia Waiyaki Way kwa uangalifu wote niliozaliwa nao.

Sasa lazima nikueleze kitu kuhusu babu yako. Akibebwa na mtu mwingine alikuwa abiria wa taabu sana. Mguu wake ulikanyaga breki isiyokuwepo, mkono umeshika mlango, mdomo unasema "polepole, polepole" hata gari likiwa limesimama. Dereva yeyote wa Kinoo angekuapia hilo. Kwa hiyo nilikuwa nangoja aanze. Tulifika Kangemi hajasema neno. Nikadhani amekasirika, nikakaza macho mbele, tukapita Westlands, tukakatiza Kilimani, mpaka nikaegesha nyuma ya meza ya Mama.

Mama alikuja mbio na leso yake kichwani. Akachungulia dirishani, akasimama.

"Huyu amelala?"

Nikageuka. Kichwa cha Baba kilikuwa kimeegemea kioo, mdomo wazi, mikono imelegea mapajani.

"Tangu lini?" Mama akanong'ona.

"Nafikiri tangu Kangemi."

Mama alimtazama kwa muda mrefu, na macho yake yakajaa machozi. Tangu aolewe hakuwahi kumwona mume wake amelala katika gari linaloendeshwa na mtu. Akawaambia wapakuzi washushe magunia polepole wasimwamshe mzee. Tulikuwa tumeshusha karibu yote alipofumbua macho, akauliza, "Tumefika?" Tukamwambia tumefika zamani. Akajinyoosha, akapangusa uso, na bila kunitazama akasema, "Tukirudi, umwambie yule mtu gari ina dereva."

Basi, mwanangu, hilo ndilo jibu langu, na sikulipata kwenye picha. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Inama kwanza uzitazame tairi zako za zamani, zikuonyeshe zilikolika, katikati, pembeni au ubavuni. Kisha fikiria wiki yako bila kujidanganya. Ikiwa gari lako hulala katika maegesho ya gorofa, huenda kazini, huenda kanisani na kuja kwangu huku Kinoo, nunua za lami uishi kwa amani, wala usizione haya. Ikiwa kweli kila mara unaacha lami, unapita mawe na udongo wenye utelezi, chukua hizo za katikati, na uulize uimara wa ubavu na uzito zinaobeba. Zile za meno makubwa waachie wanaolala na kuamka matopeni. Tarehe ya kutengenezwa imeandikwa ubavuni, isome, maana tairi huzeeka hata ikiwa dukani. Funga nne zinazofanana. Pima upepo mara kwa mara, hasa ukibeba mzigo. Na pakikushinda mahali, shuka. Si lazima gari lifike kila mahali, na toroli halijamuua mtu.

Zaidi ya yote, usichague kwa ajili ya macho ya walio nje ya gari. Chagua kwa ajili ya waliomo ndani. Ndivyo hivyo kwa tairi, na nimeona ni hivyo kwa kazi, kwa nyumba na kwa mtu wa kuishi naye. Uliza watu, kuuliza si ujinga, lakini ukishawasikia wote, vua viatu ukaiulize njia.

Mungu akutangulie katika lami na katika tope, mwanangu. Akupe miguu isiyoona haya kuchafuka na macho yasiyochoka kutaka kujua. Na akujalie siku moja, mvua ikinyesha na mzigo ukiwa mzito, umtazame umpendaye aliyeketi kando yako, umkute amelala.