Nukta Chini ya Mwaka

Bi Majalada, binti wa mkunga aliyepokea watoto wa mitaa mitatu, mjukuu wa mshona viatu aliyeujua mguu wa kila mteja bila kuupima: huyo ndiye karani aliyekaa dirisha la usajili la hospitali kuu miaka thelathini na minne. Elimu yake darasa la saba. Lakini ukimtajia mgonjwa, hata wa miaka ishirini nyuma, alikwambia kadi iko rafu gani, na siku ile alisindikizwa na nani.

Alipostaafu, binti wa mdogo wake alikuwa chuo kikuu akisomea mifumo ya taarifa za afya. Utafiti wake ulikuwa kuzihamishia kwenye kompyuta kadi za hospitali ile ile. Jumanne moja alimwita maabara ya chuo aje kuona.

“Kaa hapa, mama mkubwa. Kompyuta imegundua wagonjwa mia nne na kumi na wawili walioandikishwa mara mbili. Nimewaunganisha wote. Alhamisi namwonyesha profesa. Akikubali, hospitali inaanza kuutumia mfumo mwezi ujao.”

“Waliandikishwa mara mbili na nani?”

“Na nyinyi. Si mlikuwa mnaandika huku mnapiga soga?”

“Midomo ndiyo iliyopiga soga, mkono ulikuwa kazini. Nifungulie mmoja.”

Jina moja, tarehe moja Januari, mwaka mmoja. Bi Majalada akainama hadi pua ikakaribia kioo.

“Hawa ni wawili. Huyu alikuwa muuza mkaa, mrefu, penisilini nusura imuue. Mwenzake mfupi, alikuwa akifua mashuka pale pale hospitalini. Muuza mkaa akija leo, hiyo kompyuta yako itamwambia nini daktari?”

Binti akasoma. Palipotakiwa pawe na onyo paliandikwa: hana tatizo na dawa yoyote. Uso ukamshuka.

“Lakini wamezaliwa siku moja.”

“Kwenye kadi, chini ya mwaka, hamkuona nukta?”

Asiyejua siku yake ya kuzaliwa, makarani walimwandikia tarehe moja Januari, kisha wakatia nukta chini ya mwaka, maana yake: huu tumekisia tu. Haikuandikwa kitabuni. Karani alimwonyesha karani.

“Tulidhani wino umedondoka,” binti akasema taratibu. “Tukawaambia wachapaji waruke madoa yote. Ndiyo kusafisha data.”

“Mmesafisha mpaka mmefuta watu.”

Binti aliifunga faili ile. Ugunduzi ule ndio uliobeba utafiti wote. “Nikimwambia profesa, nimekwisha. Nitarudia mwaka.”

“Na usipomwambia?”

Binti akasimama. Alichukua ufunguo wa stoo ya kadi za hospitali.

Siku mbili walifukua kadi, vumbi likiwapanda puani, Bi Majalada kakalia ndoo iliyopinduliwa akisoma, binti akiandika. Katika wale mia nne na kumi na wawili, waliokuwa kweli mtu mmoja walikuwa ishirini na watatu tu.

Alhamisi, Bi Majalada akiwa ameketi nyuma, binti alipiga moyo konde akayasema yote mbele ya jopo. Profesa, ambaye wanafunzi walimwogopa kama mtihani wenyewe, aliipandisha kadi ya muuza mkaa kwenye mwanga akaitazama nukta muda mrefu.

“Hili hata mimi ningelipitisha,” akasema. Akampa miezi minne ya kuirekebisha kazi, siyo mwaka. Kisha akamgeukia Bi Majalada na kumwomba aje kufundisha darasa lake. Bi Majalada akakubali kwa sharti moja: kiti chenye mgongo.

Nje, kwenye ngazi, binti alitaka kumshukuru, akakatizwa.

“Shukrani baadaye. Wamebaki makarani wanne wa enzi zetu, na kila mmoja alikuwa na alama zake. Nenda kwao ukaziandike wakiwa bado wanakumbuka. Yupo mmoja alikuwa akikunja kona ya kadi, hadi leo sijui kwa nini, kwa sababu hatusemezani. Anza na huyo. Usimwambie ni mimi niliyekutuma.”