Fomu ya Jirani Unayemwogopa

Jumanne nikingoja fotokopi kwenye foleni mjini Kitengela, msichana wa chuo kikuu anayesomea amani na migogoro alitugawia fomu za utafiti wake. Zilitaka jina, kabila, namba ya ploti unayoishi na jina la jirani unayemwogopa. Nilijaza yangu upesi, nikajiona raia mwema.

Mama muuza maziwa aliyekuwa mbele yangu alisoma yake kwa kidole, kisha akaifunika kwa kiganja, akamgeukia msichana na kumwita kwa Kimaasai. “Nakerai, mtoto wangu, hizi karatasi zikiwafikia watu wabaya, si watajua waanzie mlango gani?”

“Lakini mwalimu wangu alizipitisha.”

“Huyo mwalimu anaishi hapa?”

Msichana alitazama rundo la fomu zilizojazwa mikononi mwake. Nilinyoosha mkono niombe fomu yangu irudi. Jirani niliyemwandika, aliyekuwa kwa foleni hiyo hiyo, alikuwa ameshanyoosha wake kuomba yake.